Kununua na kusimamia mikataba ya TEHAMA katika halmashauri: kutoka andiko la mradi hadi siku ya kuachana na mzabuni

Mwongozo huu ni kwa maofisa TEHAMA, maofisa ununuzi na wanasheria wa halmashauri za Tanzania Bara. Unahusu vitu ambavyo karibu kila halmashauri hununua: kompyuta, mashine za POS za kukusanyia mapato, nyaya za mtandao ndani ya jengo, huduma ya intaneti, na mara chache mfumo wa programu. Sheria inayotawala ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na Kanuni zake za mwaka 2024, na zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Mfumo huo unasaidia kuhakikisha hatua zinafuatwa. Ubora wa kitu kilichoagizwa unabaki kuwa kazi ya mtaalamu wa TEHAMA, na hasara nyingi huingia sehemu mbili ambazo yeye ndiye anazishika: pale maelezo ya kiufundi yanaponakiliwa kutoka zabuni ya zamani, na pale mzigo unapopokelewa kwa kuhesabu maboksi. Ndiyo maana sehemu hizo mbili zimepewa nafasi kubwa hapa.

Kabla ya kununua mfumo, hakikisha haupo

Mkuu wa idara akileta ombi la "mfumo", swali la kwanza ni kazi ipi inakwama. Mapato ya halmashauri yana TAUSI, malipo yana MUSE, bajeti ina PlanRep, hospitali na vituo vya afya vina GoT-HoMIS, na fedha za umma zinapokelewa kwa namba za malipo za GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki. Mara nyingi kinachokosekana ni ripoti fulani, mafunzo, au haki za mtumiaji ndani ya mfumo uliopo. Ombi la namna hiyo linapelekwa TAMISEMI au kwa taasisi inayomiliki mfumo, na halihitaji zabuni.

Ikithibitika kwamba kweli hakuna mfumo, andika andiko la mradi na liwasilishe Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) kabla ya kuingiza kitu chochote kwenye NeST. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kufuata viwango na miongozo ya eGA, na mradi ulioruka hatua hiyo hukwama baadaye kwenye kuunganishwa na mifumo mingine, wakati mzabuni ameshalipwa sehemu ya fedha. Andiko lisiwe refu. Kurasa nane zinatosha zikieleza tatizo, mifumo utakayounganishwa nayo, taarifa zitakazohifadhiwa na zitahifadhiwa wapi, nani ndani ya halmashauri atausimamia, na gharama ya miaka mitano.

Gharama ya miaka mitano, si bei ya siku ya kununua

Bajeti nyingi za TEHAMA zinaandikwa kwa bei ya kifaa peke yake. Chukua mfano wa mashine 60 za POS. Mkusanyaji wa stendi au mnadani anayetoa risiti 150 kwa siku, kila risiti ikiwa na urefu wa sentimita 12, anamaliza mita 18 za karatasi. Rola yenye mita 15 haimtoshi hata siku moja, anahitaji 1.2. Kwa mashine 60 na siku 26 za kazi, hizo ni rola 1,872 kwa mwezi, sawa na rola 22,464 kwa mwaka. Halmashauri isiyoweka fungu hilo itafika Oktoba haina karatasi, na hapo ndipo mkusanyaji anaanza kupokea fedha bila risiti kwa kisingizio ambacho hakuna anayeweza kumkatalia.

Juu ya hapo ongeza kifurushi cha data kwa laini 60, mashine za akiba zisizopungua asilimia 10 (yaani 6, maana mashine iliyoharibika siku ya mnada haisubiri fundi), na betri mpya kuanzia mwaka wa pili au wa tatu. Kwa kompyuta, mstari wa gharama ni leseni, antivairasi na waranti. Kwa seva, ni umeme, kiyoyozi, betri za UPS na sehemu ya kuhifadhia nakala rudufu nje ya jengo. Kwa programu, ni matengenezo ya kila mwaka, na bei yake iombwe ndani ya zabuni ileile, ikiwa imetajwa kwa mwaka wa 1 hadi wa 5. Ukiiacha uje kujadili baadaye, utajadili na mtu mmoja tu anayejua jinsi mfumo ulivyotengenezwa.

Fungu likishapatikana, liingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Panga tarehe kwa kurudi nyuma kutoka 30 Juni. Vifaa vinavyoagizwa nje mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 12 kumfikia mzabuni, ukaguzi unahitaji wiki moja, na kubadilisha vilivyokataliwa kunahitaji wiki nne zaidi. Mkataba wa vifaa usiosainiwa hadi mwishoni mwa Januari umeshaingia hatarini. Mzigo unaofika wiki ya mwisho ya Juni hupokelewa bila kukaguliwa kwa sababu kila mtu anaogopa fedha kurudi Hazina.

Na usigawe ununuzi mmoja vipande vipande ili kila kipande kiangukie kwenye njia nyepesi ya ununuzi. Ni kosa kisheria, na pia unapoteza bei nzuri ya wingi na unabaki na kompyuta za aina tano tofauti za kutunza.

Maelezo ya kiufundi

"Core i5, RAM 8 GB, HDD 500 GB." Mstari huu bado unazunguka kwenye hati za zabuni nchini. Prosesa ya jina hilo imekuwa ikitolewa tangu mwaka 2009, kwa hiyo mashine iliyotoka kiwandani miaka kumi na zaidi iliyopita, ikafutwa vumbi na kuwekwa kwenye boksi jipya, inatimiza kila neno uliloandika. Kamati ya tathmini haitakuwa na sababu ya kuikataa.

Andika badala yake kitu kinachopimika. Kwa kompyuta mpakato za kazi za ofisi:

Prosesa ya kizazi kilichotoka kiwandani ndani ya miaka mitatu iliyopita. RAM 16 GB. Diski ya SSD aina ya NVMe isiyopungua GB 512. Skrini ya inchi 14 hadi 15.6 yenye pikseli 1920 × 1080. Chipu ya usalama ya TPM 2.0, Windows 11 Pro yenye leseni halali iliyowekwa na mtengenezaji, betri isiyopungua Wh 45, chaja yenye plagi ya pini tatu za mraba, mashine mpya ambayo haijatumika wala kukarabatiwa, waranti ya mtengenezaji ya miaka 3 inayotambulika Tanzania.

Kila kipengele kina sababu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kwa hiyo mashine isiyo na chipu hiyo inanunuliwa ikiwa imeshazeeka. Maneno "waranti inayotambulika Tanzania" yanazuia mashine zilizopitishwa pembeni kutoka soko la Dubai, ambazo waranti yake inaweza kuishia hukohuko. Kanuni za ununuzi hazitaki utaje chapa kama vipimo vinaweza kuelezwa kwa maneno. Ukilazimika kutaja, ongeza "au inayolingana nayo" na ueleze inalingana kwa kipimo gani. Tumia "isiyopungua" badala ya namba kamili, la sivyo utajikuta unamkataa mzabuni aliyeleta diski ya GB 1,000 kwa bei ileile.

Kwa POS, taja toleo la Android ambalo mfumo wa mapato unalikubali, na pata orodha hiyo kwa wasimamizi wa TAUSI kabla ya kutangaza. Taja 4G pamoja na uwezo wa kushuka 3G na 2G, kwa sababu minada na vizuizi vya mazao viko pembezoni. Betri iwe ya kutosha saa 10 za kazi na uchapishaji, jambo utakalolipima siku ya kupokea. Rola ziandikwe kwa upana wa milimita 57, kipenyo cha milimita 40 na urefu usiopungua mita 15. Ukiandika "57 × 40" peke yake, utaletewa rola zenye kiini kinene cha plastiki: kipenyo ni kilekile, karatasi ni mita 10. Ulizia pia ubora wa karatasi ya joto. Ile ya bei ya chini inafutika ndani ya wiki chache ikikaa juani au kwenye mfuko wa jasho, na risiti iliyofutika haimsaidii mfanyabiashara wala mkaguzi.

Nyaya za mtandao ndizo zinazodanganyia wengi. Andika: waya wa Cat6 wa shaba tupu; urefu wa waya uliofungwa ukutani kutoka kabati hadi tundu usizidi mita 90; kila tundu lipimwe kwa kifaa cha kuthibitisha kiwango cha Cat6 na ripoti yake ikabidhiwe; kila ncha iwe na lebo inayofanana pande zote mbili; mchoro wa nyaya kama zilivyofungwa ukabidhiwe kwa karatasi na kwa faili. Neno "shaba tupu" ndilo la fedha. Sokoni kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kwa jina la Cat6 huku haukidhi kiwango hicho. Ukizani wake ni mkubwa, kwa hiyo kamera na vifaa vya Wi-Fi vinavyopata umeme kupitia waya huo vinazimika mwisho wa korido, na ncha zake hukatika zikiguswaguswa. Acha matundu ya akiba kwenye swichi, angalau robo ya yote, na usisahau erthi ya kabati. Radi za msimu wa mvua huunguza swichi zisizo na erthi, na mzabuni atakwambia waranti haigusi radi.

Kwa intaneti, tofautisha kasi "ya hadi" na kasi "iliyohakikishwa". Mbps 50 za hadi, zinazogawanywa na wateja wengine, zinaweza kuwa Mbps 6 saa nne asubuhi. Taja kasi iliyohakikishwa kwenda na kurudi, na utaje itapimwa wapi.

Zabuni yenyewe

Hapa hatupotezi muda mwingi, kwa kuwa NeST inakuongoza hatua kwa hatua. Mambo machache yanafaa kuangaliwa.

Angalia kwanza kama kifaa kimo kwenye mikataba ya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA). Kama kimo, unaita wazabuni walioorodheshwa na unaokoa muda. Asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi inatengwa kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ipangie mapema vitu ambavyo kikundi kinaweza kuvimudu na kurudia kuvileta: rola za POS, wino wa printa, karatasi, usafi wa vifaa, hata matengenezo madogo ya kompyuta kama kikundi kina fundi. Kukipa kikundi kichanga zabuni ya seva na kisha kukikata fidia ya ucheleweshaji ni kukibomoa.

Vigezo vya tathmini viwe vya kutimiza au kutotimiza, kila kimoja kikiwa na ushahidi unaotakiwa: barua ya idhini ya mtengenezaji, mikataba miwili ya kazi inayofanana na hati zake za kukamilika, wasifu wa fundi atakayekuja. Maneno kama "uzoefu wa kutosha" yanaleta malalamiko, na malalamiko yakifika Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma (PPAA), miezi inapotea. Bei iliyo chini sana ya makadirio yako iombewe mchanganuo kabla ya kumpa mzabuni ushindi. Kwenye kompyuta, bei hiyo mara nyingi inamaanisha leseni bandia au mashine iliyokarabatiwa.

Swali la mzabuni kuhusu vipimo lijibiwe kwa wazabuni wote kupitia mfumo. Simu na WhatsApp zisitumike kabisa kipindi hiki, hata kama swali ni dogo.

Vifungu vya mkataba vinavyokulinda

Mkataba wa mfano unaopatikana kwenye NeST una masharti ya jumla. Kazi yako na Kitengo cha Sheria ni masharti mahususi, na humo ndimo watu wanaacha nafasi tupu.

Malipo yafuate kitu kilichopimwa. Kwa mfumo wa programu, mgawanyo unaofanya kazi ni asilimia 20 baada ya usanifu kukubaliwa kwa maandishi, 30 baada ya majaribio ya watumiaji kupita, 30 baada ya mfumo kutumika siku 60 mfululizo bila kasoro kubwa, na 20 baada ya kukabidhiwa msimbo chanzo (source code), nyaraka na mafunzo. Ukilipa asilimia 90 siku ya uzinduzi, huna tena kitu cha kumvutia mzabuni arudi.

Fidia ya ucheleweshaji itajwe kwa namba. Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 0.1 hadi 0.2 ya thamani ya kilichochelewa kwa kila siku, kwa ukomo wa asilimia 10. Kompyuta za shilingi milioni 60 zikichelewa siku 20 kwa asilimia 0.2, unakata shilingi 120,000 kwa siku, jumla milioni 2.4. Hesabu hiyo iwekwe kama mfano ndani ya mkataba, inaondoa ubishi.

Kiwango cha upatikanaji wa huduma nacho kipigiwe hesabu kabla hakijasainiwa. Asilimia 99 kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu intaneti kukatika saa 7 na dakika 12. Hiyo ni karibu siku nzima ya kazi, na mtoa huduma atakuwa hajavunja mkataba. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36; asilimia 99.9 ni dakika 43. Kwa halmashauri, sharti zuri zaidi ni kupima saa za kazi peke yake, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, na kutaja muda wa kuitikia (dakika 30) na muda wa kurekebisha (saa 4) kwa tatizo kubwa. Taja pia nani anapima. Kama kipimo ni cha mtoa huduma peke yake, kila mwezi utasoma kwamba mambo yalikuwa salama. Na punguzo lijitokeze lenyewe kwenye ankara inayofuata, bila halmashauri kuandika barua ya kuomba.

Taarifa ni mali ya halmashauri. Andika hivyo, kisha uandike itarejeshwa kwa muundo gani (kwa mfano faili la SQL au CSV lenye maelezo ya kila safu), ndani ya siku ngapi, na bila malipo. Msimbo chanzo uliotengenezwa kwa fedha za halmashauri ukabidhiwe pamoja na maelekezo ya kuujenga upya. Mfumo ukigusa majina, namba za simu au taarifa za afya za wananchi, mzabuni anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022: mkataba useme atazitumia kwa kazi gani tu, hatazinakili kwenye kompyuta yake, na atatoa taarifa ndani ya saa chache zilizotajwa zikivuja.

Bei ziwe za shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na bado wauzaji wengine wa leseni huleta ankara za dola kwa mazoea.

Siku ya kupokea

Mkurugenzi, kama afisa masuuli, anateua kamati ya ukaguzi na mapokezi. Mtaalamu wa TEHAMA awemo, na awe na nguvu ya kusema hapana. Hati ya kupokea isisainiwe stoo wakati gari linasubiri. Dereva apewe karatasi inayosema "maboksi 25 yamefika, hayajakaguliwa", na kazi ianze kesho yake.

Kompyuta moja inachukua kama dakika 15. Kompyuta 25 ni saa 6 na robo kwa mtu mmoja, kwa hiyo hakuna sababu ya kukagua chache tu.

Anza na serial namba: iliyoko kwenye boksi, iliyobandikwa chini ya mashine na inayoonekana ndani ya mfumo ziwe moja. Ya ndani utaipata kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ziandike zote kwenye orodha inayoambatana na hati ya kupokea, kwa sababu baadaye ndizo zitakazoingia rejesta ya mali. Ingiza kila moja kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti ilianza lini na inahusu nchi gani. Waranti ya miaka 3 iliyoanza miezi 14 iliyopita ni waranti ya miezi 22.

Fungua msinfo32, programu ya Windows ya taarifa za kompyuta, usome aina ya prosesa na RAM. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza faili linaloonyesha ujazo wa betri wa kiwandani, ujazo wa sasa, na mizunguko ya kuchaji. Betri mpya ina mizunguko michache sana na ujazo wake uko karibu na ule wa kiwandani. Ukiona mizunguko 200, au ujazo umeshuka hadi asilimia 70, hiyo mashine imeshafanya kazi ofisi nyingine kabla ya kuja kwako. Baadhi ya mashine hazionyeshi mizunguko. Hapo tegemea ujazo, na uangalie kama skrubu za chini zina mikwaruzo.

Andika pia slmgr /xpr. Jibu linalotakiwa ni kwamba leseni ya Windows imewashwa kwa kudumu (permanently activated). Likitokea lenye tarehe ya kuisha, kwa kawaida siku 180 mbele, leseni iliyowekwa ni ya makampuni makubwa yenye seva yao ya leseni, na mzabuni wa kawaida hana haki ya kukuuzia hiyo.

POS zipimwe porini, maana mtandao wa makao makuu ni mzuri mno. Peleka tano kwenye kizuizi cha mbali kabisa. Toa risiti 20, kisha ondoa laini ya simu na utoe nyingine 10. Rudisha laini na uhakikishe risiti zote 30 zimefika kwenye mfumo, kwa kiasi sahihi na muda sahihi. Jaribu kubadilisha tarehe ya mashine kwa akaunti ya mkusanyaji; ikikubali, mrudishie mzabuni mashine hiyo. Miamala iliyobaki ndani ya mashine bila kufika kwenye mfumo ni mlango unaojulikana wa kupotezea mapato, na ni rahisi zaidi kuufunga siku hii kuliko kuja kumtafuta mkusanyaji aliyehama. Mwisho chaji hadi mwisho, tumia siku nzima, uone saa 10 zinafika.

Kwa nyaya, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Shaba tupu ni nyekundu hadi ndani; waya wa kupakwa unang'aa rangi ya fedha chini ya ngozi ya shaba. Boksi la mita 305 la aluminiamu pia ni jepesi ukilinyanyua kando ya lile la shaba. Fanya hivi maboksi yanapofika, kabla nyaya hazijapita kwenye dari, kwa sababu zikishafunikwa utabembelezwa uzikubali. Soma ripoti ya vipimo tundu kwa tundu na ulinganishe na lebo. Ripoti ambayo matundu 40 yana urefu uleule hadi nukta ni tundu moja lililopimwa mara 40.

Kifaa kisichofikia kipimo kinakataliwa kwa barua yenye sababu na tarehe ya kuleta mbadala. "Tutakusaidia, tupokee kwanza, atarekebisha" ni kauli ambayo mkaguzi atakuja kuiuliza kwako.

Mkataba ukiwa hai

Kila mkataba uwe na msimamizi mmoja aliyeteuliwa kwa barua, na naibu wake kwa ajili ya likizo na uhamisho. Jalada lake lina mkataba, dhamana ya utekelezaji (anayoweka mzabuni kuhakikisha atatimiza mkataba) na tarehe inayoisha, orodha ya serial namba, daftari la matatizo, na mihtasari ya vikao. Daftari la matatizo ndilo silaha yako: tarehe na saa tatizo lilipotokea, saa mtoa huduma alipotaarifiwa na kwa njia gani, saa alipofika, saa lilipoisha. Bila saa hizo hakuna fidia utakayoipata, hata mkataba uwe mzuri vipi. Weka barua pepe moja ya kitengo kwa taarifa zote, ili mawasiliano yasiondoke na simu ya mtu.

Kikao cha mwezi na mtoa huduma ya intaneti kisizidi nusu saa. Mnapitia daftari, mnakubaliana asilimia ya mwezi, mnasaini.

Diwani au mkuu wa idara atakuja na ombi la kuongeza kitu: tundu moja hapa, ripoti nyingine pale. Usimruhusu mzabuni aanze kwa mdomo. Mabadiliko ya bei, muda au wigo yanahitaji marekebisho ya mkataba yaliyoidhinishwa na mamlaka husika, na kazi iliyofanywa kabla ya idhini huwa deni lisilolipika, pande zote zikibaki na uchungu.

Halmashauri nayo ina wajibu. Mtoa huduma asiyelipwa miezi minne hatakimbia kuja kurekebisha ndani ya saa 4, na atakuwa na hoja. Ankara ikaguliwe ndani ya siku 5, kodi ya zuio ikatwe (asilimia 2 kwa bidhaa zinazouzwa kwa serikali, 5 kwa huduma), na iende kwenye malipo. Kama fedha hazipo, mwandikie umjulishe lini zitakuwepo.

Tengeneza kalenda moja ya tarehe za mwisho: leseni, antivairasi, cheti cha usalama cha tovuti, waranti, dhamana, mkataba wenyewe. Kengele ya kwanza ilie siku 120 kabla, kwa kuwa zabuni mpya inaweza kumaliza miezi mitatu. Mikataba mingi ya kuongezwa "kwa dharura" inatokana na kalenda ambayo haikuwepo.

Kuachana na mzabuni

Anza kupanga kuondoka mwezi wa kwanza wa mkataba. Kila miezi sita, mwombe mzabuni nakala kamili ya taarifa na uirejeshe kwenye seva nyingine ambayo yeye hana nywila yake. Kama mfumo hauwaki, au wananchi 12,000 wamekuwa 9,000, umegundua wakati bado unashikilia malipo yake.

Mkataba ukiisha, hakikisha unakabidhiwa akaunti za usimamizi za seva, ruta, swichi na kamera. Kisha badilisha nywila zote siku hiyohiyo na uzifunge akaunti za mafundi wake. Hakikisha jina la tovuti la .go.tz na akaunti za huduma zimesajiliwa kwa barua pepe ya halmashauri, isiwe ya fundi binafsi. Dhamana ya utekelezaji isirudishwe kabla orodha hiyo haijasainiwa na pande mbili. Na vifaa vya zamani vinavyoondolewa kwenda kuuzwa au kuteketezwa vitolewe diski kwanza. Diski inayosoma ifutwe kwa programu ya kuandika juu yake au, kwa SSD, kwa amri ya mtengenezaji ya kufuta. Isiyosoma itobolewe kwa drili mbele ya mkaguzi wa ndani, na serial namba yake iandikwe kwenye hati ya uteketezaji.